Jinsi ya Kuandika Insha ya Historia Bila Kumchekesha Msahihishaji: Mwongozo Kamili

"Julius Caesar alizaliwa mwaka 100 KK na kuuawa mwaka 44 KK, kwa hiyo alikufa miaka 56 kabla ya kuzaliwa."

Sentensi kama hii ikisomwa darasani, chumba kizima huangua kicheko. Mimi huitazama kwa jicho jingine. Aliyeiandika ameikumbuka miaka yote miwili barabara, na hesabu ya kutoa ameifanya sawasawa: 100 kutoa 44 ni 56. Kilichomponyoka ni kimoja tu, kwamba miaka ya kabla ya Kristo huhesabiwa kwa kushuka. Kosa linalochekesha lina faida ambayo kosa la kawaida halina: linaonyesha kwa kidole mahali hasa uelewa ulipokatikia. Kama angeandika tu "Caesar aliuawa mwaka 54 KK", nisingejua amesahau, ameteleza kalamu au amebahatisha.

Mwongozo huu ni wa yeyote anayeandika insha ya historia, ya darasani au ya mtihani. Hatua zimefuata mwenendo wa kazi yenyewe: kabla ya kuandika, wakati wa kuandika, na ukishamaliza. Sentensi zote za mfano nimezitunga mwenyewe kwa kufuata aina za makosa ninayokutana nayo ninaposahihisha. Sikunukuu karatasi ya mtu, maana aliyejaribu hastahili kuanikwa.

Hatua ya 1: Chora mstari wa wakati kabla ya sentensi ya kwanza

Chukua karatasi ya rafu, chora mstari wa kulala, weka alama katikati. Kushoto ni KK, kulia ni BK. Kushoto namba hupungua kadiri unavyokaribia katikati, kulia huongezeka. Kisha panga juu yake matukio yote unayotaka kuyataja. Kazi hii haizidi dakika tatu, na Caesar hatakufa tena kabla ya kuzaliwa.

Kumbuka pia kwamba hakuna mwaka sifuri. Baada ya 1 KK ulikuja moja kwa moja 1 BK. Mtazame Augustus, mtawala wa Roma ya kale: alizaliwa Septemba 63 KK, akafariki Agosti 14 BK. Ukijumlisha haraka haraka unapata miaka 77. Toa mmoja kwa ajili ya sifuri isiyokuwepo, unabaki na 76. Na kwa kuwa alifariki mwezi mmoja hivi kabla ya siku yake ya kuzaliwa kufika, alikuwa na umri wa miaka 75.

Karne nazo huwapotosha wengi. Mwaka 1492 ni karne ya 15, mwaka 1885 ni karne ya 19. Ongeza moja kwenye tarakimu mbili za mwanzo, isipokuwa mwaka unaoishia na sifuri mbili: 1900 bado ni karne ya 19.

Mstari ukishakuwa tayari, andika chini ya kila tukio jina lililokuwa likitumika wakati ule. Hapa ndipo huzaliwa sentensi kama "Mwaka 1337 mfalme wa Uingereza alitangaza Vita vya Miaka Mia". Hakuna mfalme aliyeweza kujua mwanzoni kwamba vita vyake vitadumu kiasi hicho; jina hilo walilitoa watu wa baadaye, na vita vyenyewe, kutoka 1337 hadi 1453, vilichukua miaka 116. Vivyo hivyo, anayeandika kwamba mwaka 1914 watu walihuzunika kusikia Vita vya Kwanza vya Dunia vimeanza anawafanya wajue kwamba vya pili viko njiani. Wengi waliovipitia waliviita Vita Vikuu. Nchi pia zina tarehe za kuzaliwa. "Watanzania walipigana Vita vya Maji Maji mwaka 1905" ni sentensi inayotanguliza jina lililopatikana mwaka 1964. Hakuna Dola ya Ujerumani kabla ya 1871, na hakuna Marekani iliyojitangazia uhuru kabla ya 1776.

Nitasimama kidogo hapa, kwa sababu kuna sentensi zinazochekesha ilhali ni za kweli, na mwanafunzi mwoga huzifuta. "Mapinduzi ya Oktoba yalitokea Novemba" ni sahihi kabisa: Urusi ya mwaka 1917 ilikuwa bado inatumia kalenda ya kale iliyochelewa kwa siku 13, hivyo tarehe 25 Oktoba kwao ilikuwa 7 Novemba kwingineko. Vita kati ya Uingereza na Zanzibar vya tarehe 27 Agosti 1896 navyo kweli vilimalizika chini ya saa moja. Ukiwa na ukweli wa namna hii, usiufute. Uongezee sababu yake katika sentensi hiyohiyo ili msomaji asidhani umeteleza.

Hatua ya 2: Kamata maneno pacha

Kama una muda wa hatua moja tu, basi iwe hii. Kiswahili kina maneno mengi yanayokaribiana kwa sauti, na somo la historia limejaa hayo.

"Binadamu wa kale aliwinda kwa kutumia dhana za mawe." Zana ni kifaa, dhana ni wazo. Mtu wa Zama za Mawe katika sentensi hii amekabiliana na nyati akiwa na fikra peke yake.

"Wafanyabiashara walikuja kutafuta bidhaa zenye samani." Samani ni viti, meza na makabati. Alichokusudia ni thamani. Neno la tatu katika familia hii ni zamani, na hapo unaweza kukuta "watu wa thamani waliishi mapangoni".

"Mfalme mpya alitawadhwa mbele ya maaskofu." Kutawazwa ni kuwekwa kwenye kiti cha enzi. Kutawadha ni kunawa kwa ajili ya sala. Herufi mbili tu, na sherehe ya kifalme imegeuka kuwa udhu.

"Makoloni 13 yalitangaza ushuru mwaka 1776." Hili linauma zaidi kwa sababu ushuru ndio hasa waliokuwa wakiukataa. Walichotangaza ni uhuru.

"Wahenga wa Vita vya Pili vya Dunia walifikia mamilioni." Wahenga ni wazee wenye busara tunaowanukuu katika methali, waliokufa au kuumia kwa janga ni wahanga. Na kinyume chake kipo: "wahanga walisema, haraka haraka haina baraka".

Wengine huchanganya *l* na *r*, ndipo wanawake wakapigania "haki ya kupiga kula". Wengine huandika kwamba James Watt aliboresha "injini ya mvua", wakati ni mvuke, na hati yake ya ubunifu ni ya mwaka 1769.

Kuna jozi moja ambayo haimchekeshi mtu, nayo ndiyo ya hatari kuliko zote: ukabaila na ukabila. "Ulaya ya Zama za Kati ilitawaliwa na ukabila" ni sentensi inayopita kimyakimya. Ukabaila ni mfumo ambamo kabaila anamiliki ardhi na mkulima anaitumikia kwa kazi, mazao au kodi. Ukabila ni kupendelea au kubagua kwa msingi wa kabila. Mwanafunzi aliyekosa herufi moja amebadilisha mfumo mzima wa uchumi, na aya tatu zinazofuata zitakuwa zinaeleza jambo ambalo halikuwa mada.

Utayakamataje? Watu husema, soma kwa sauti. Ushauri huo ni mzuri kwa mambo mengine, ila hapa hausaidii sana, kwa sababu kama ulimi wako hautofautishi *dh* na *z*, sikio lako nalo halitasikia tofauti. Dawa ni kuuliza maana. Tenga daftari dogo, andika kila jozi iliyowahi kukukamata, na mbele ya kila neno andika swali la kulipima. Zana: naweza kuishika mkononi? Dhana: naipata kichwani tu? Samani: naweza kuikalia? Ushuru: unalipwa kwa nani? Unapolifikia neno hilo katika insha, liulize swali lake. Jozi kumi na tano zinatosha, maana mtu mmoja huwa na makosa yake yaleyale.

Hatua ya 3: Fungua majina ya picha

Historia imejaa majina ambayo ni mafumbo. Mwanafunzi akiyachukua kama yalivyo, anaandika kwamba Vita Baridi vilipiganwa kwenye theluji, kwamba Pazia la Chuma lilikuwa zito mno kufunguliwa, au kwamba koo mbili za Uingereza ziligombea maua kwa miaka 30. Vita vya Waridi, vya mwaka 1455 hadi 1487, viligombea kiti cha ufalme. Waridi zilikuwa nembo. Pazia la Chuma lilikuwa mpaka wa kisiasa kati ya Ulaya ya Mashariki na ya Magharibi. Vita Baridi viliitwa hivyo kwa sababu Marekani na Umoja wa Kisovyeti hawakupigana uso kwa uso.

Neno mapinduzi linahitaji uangalifu wa pekee, kwa kuwa kwetu linabeba maana mbili: kuiangusha serikali, na kubadilika kabisa kwa hali ya mambo. Ndiyo maana mtu anaweza kuandika kwamba Mapinduzi ya Viwanda yalifanikiwa na mfalme akakimbia. Hakuna mfalme aliyepinduliwa na mashine ya kufuma.

Kuanguka nako ni vilevile. Ukuta wa Berlin "ulianguka" tarehe 9 Novemba 1989, lakini haukuporomoka kwa uchakavu. Usiku ule vituo vya kuvukia vilifunguliwa, watu wakavuka, na kuubomoa kukachukua muda mrefu baadaye.

Kanuni ya kufuata ni hii: mara ya kwanza unapolitaja jina la picha, lifuatishe na sentensi moja inayosema nani alifanya nini. Ukishindwa kuiandika sentensi hiyo, rudi kitabuni kwanza.

Hatua ya 4: Hakikisha inajulikana nani alimfanya nani nini

Soma polepole sentensi hii kuhusu Gavrilo Princip, aliyemuua Franz Ferdinand, mrithi wa kiti cha enzi cha Austria-Hungaria:

"Princip alimuua Franz Ferdinand na mke wake."

Inaonekana safi. Sasa hesabu maana zake. Ya kwanza: Princip aliwaua watu wawili, Franz Ferdinand na mke wa Franz Ferdinand. Ya pili: aliyeuawa pamoja na Franz Ferdinand ni mke wa Princip mwenyewe. Ya tatu: Princip akisaidiana na mke wake walimuua Franz Ferdinand. Maana tatu katika maneno saba, na mbili kati yake hazikutokea popote. Tiba yake ni silabi moja na jina moja: "Princip *aliwaua* Franz Ferdinand na mkewe Sophie." Hiyo *-wa-* inatangaza kwamba waliouawa ni zaidi ya mmoja, na jina Sophie linafunga mjadala.

Mhusika mkuu wa fujo hii ni neno *na*. Likifuata kitendo cha kutendwa huwa linamtaja mtenda, na papo hapo linaweza kumaanisha "pamoja na". "Mfalme alizikwa na mwanawe." Mwana alisimamia maziko, au alilazwa kaburini pamoja naye? "Askari walizikwa na adui zao." Adui walikuwa na utu wa kuwazika, au wote walitiwa shimo moja? Katika historia yote mawili yamewahi kutokea, kwa hiyo msomaji hawezi kukisia. Andika "mwanawe ndiye aliyemzika" au "alizikwa pamoja na mwanawe", basi.

Upatanisho wa kisarufi nao una mitego. Jeshi la majini ni jeshi la baharini, hakuna ubaya. Lakini ukiandika "mwaka 1588 majini wa Hispania walishindwa na Waingereza", hiyo *wa* imewapa uhai, nao si mabaharia tena. Sema wanamaji, au manowari za Hispania.

Ukimaliza kila aya, pigia mstari kila *a-*, *-m-* na *wake*, kisha jiulize inamrejelea nani. Pakiwa na watu wawili wanaowezekana, rudisha jina. Kurudia jina si dhambi katika insha ya historia.

Hatua ya 5: Wafu wapumzike

"Franz Ferdinand aliuawa Sarajevo tarehe 28 Juni 1914, akasababisha vita." Kilichosababisha ni kuuawa kwake na maamuzi yaliyofuata, Austria-Hungaria ilitangaza vita dhidi ya Serbia tarehe 28 Julai, mwezi mzima baadaye.

Chanzo cha makosa haya mara nyingi ni kiambishi *-ka-*, ambacho hupanga matendo kwa kufuatana. "Augustus alifariki mwaka 14 BK, akatawala kwa zaidi ya miaka 40" inamfanya aanze kazi akiwa kaburini. Ukitaka kurudi nyuma katika masimulizi, badili njeo: "Alipofariki alikuwa ametawala kwa zaidi ya miaka 40." Na chunga sentensi za majeruhi: "Askari wengi waliuawa na kurudi makwao wakiwa na huzuni" imechanganya makundi mawili. Yatenganishe.

Hatua ya 6: Pima vitenzi na sababu

Kitenzi *kugundua* kimeleta vichekesho vingi kuliko kingine chochote. "Columbus aligundua Marekani mwaka 1492." Kwa Kiswahili Marekani ni nchi, na nchi hiyo ilikuja karibu miaka 300 baadaye. Columbus alifika kwenye visiwa vya Bahamas, akidhani amefika Asia, na katika safari zake zote nne hakukanyaga bara la nchi tunayoiita Marekani leo. Bara zima liite Amerika, na uandike *alifika*.

"Mlima Kilimanjaro uligunduliwa na Rebmann mwaka 1848." Sentensi hii inanihuzunisha kuliko kunichekesha, maana waliokuwa wakilima kwenye miteremko yake kwa vizazi na vizazi wamefutwa kwa kitenzi kimoja. Rebmann alikuwa Mzungu wa kwanza kuandika kwamba ameuona. Ukiandika hivyo umesema ukweli wote, na hakuna mtu aliyeishi chini ya mlima asiouona.

Kuhusu sababu, kuna kosa la kuzunguka palepale ("vita vilianza kwa sababu watu walianza kupigana") na kosa la sababu ndogo mno ("Napoleon alishindwa Urusi kwa sababu hakubeba koti"). Dawa ya yote mawili ni kuuliza *kwa vipi?* mara mbili. Jeshi la Napoleon liliingia Urusi Juni 1812. Baridi ililimalizaje? Kwa kulikuta limekwisha kudhoofika. Lilidhoofika kwa vipi? Kwa njaa, maradhi na kutoroka kwa askari, mambo yaliyoanza wakati wa kiangazi, kabla theluji haijadondoka. Sasa una aya.

Hata sentensi kama "Vita vya Pili vilianza kwa sababu vya Kwanza vilikwisha" usiitupe upesi. Iulize *kwa vipi?* Vilikwisha kwa Mkataba wa Versailles wa tarehe 28 Juni 1919, uliowabebesha Wajerumani lawama na fidia, na uchungu huo wanasiasa wakaja kuutumia. Ilikuwa hoja nzuri iliyokatishwa njiani.

Hatua ya 7: Majina yanayofanana

Hili nalipitia haraka. Martin Luther aliyeandika hoja 95 mwaka 1517 alikuwa Mjerumani wa Wittenberg. Martin Luther King aliishi Marekani kuanzia 1929 hadi 1968. Majina kufanana si bahati tu: baba yake King aliitwa Michael, akalibadili jina lake na la mwanawe kwa kumuenzi yule wa kwanza. Roosevelt marais walikuwa wawili, Theodore na Franklin. Napoleon waliotawala hasa walikuwa wawili pia: Napoleon I, na Napoleon III aliyekuwa mtoto wa ndugu yake. Kila jina liwekee karne na mji kwenye mstari wako wa Hatua ya 1.

Hatua ya 8: Soma kutoka mwisho

Bakiza dakika 10 za mtihani. Anza na sentensi ya mwisho, kisha iliyo kabla yake, hadi ya kwanza. Ukisoma kwa mpangilio wa kawaida akili hukujazia ulichokusudia. Ukisoma kinyume kila sentensi inasimama peke yake uchi, na "dhana za mawe" inaonekana. Katika kila sentensi tafuta vitu vitatu: mwaka, mtenda, na neno pacha. Ukikuta kosa, likate kwa mstari mmoja ulionyooka na uandike sahihi juu yake. Usifute kwa kuchafua, maana msahihishaji akishindwa kusoma atakisia.

Na kwa mwalimu anayezipokea karatasi hizi: sentensi ya kuchekesha isisomwe darasani kwa jina la mwenyewe. Nimeona watoto waliokuwa wakiandika kurasa tatu wakirudi kwenye aya mbili za tahadhari kwa sababu ya kicheko cha siku moja. Pembeni mwa karatasi, badala ya alama ya mshangao, andika swali analoweza kulijibu. Kando ya Caesar: "Mwaka 99 KK alikuwa na umri gani?" Kando ya dhana za mawe: "Aliishikaje mkononi?" Kisha mpe nafasi ya mistari miwili chini yake aijibu kwa kalamu yake mwenyewe.